Steringi hafi, lakini si katika kila filamu

Majuzi nilisafiri kwa basi la usiku kutoka Nairobi kwenda Mombasa. Tulipopita Mtito Andei, filamu ya mapigano ilikuwa ikiendelea kwenye skrini iliyoning'inia nyuma ya dereva. Mhusika mkuu alirushwa kutoka juu ya daraja, gari likalipuka, moshi ukatanda. Nyanya mmoja aliyeketi mbele yangu akashika kichwa: "Uuwi! Wamemmaliza mtoto wa watu!" Kijana aliyekaa kando yake, ambaye sidhani walikuwa wanajuana, akamtuliza.

"Nyanya, tulia. Huyo ni steringi. Steringi hafi."

"Kwani ushaiona hii?"

"Sijaiona. Lakini najua."

Haukupita muda steringi akaibuka kutoka mtoni, shati limeraruka, nywele ziko sawa. Nyanya akacheka hadi akafuta machozi, kisha wote wawili wakaendelea kutazama kwa makini kana kwamba hakuna kilichofichuliwa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kubanana na wenzake kwenye kibanda cha video, steringi ni mhusika mkuu wa filamu, yule anayepigana upande wetu. Neno hili limetoholewa kutoka kwa neno la Kiingereza lililozoea kutangulia jina la mwigizaji mkuu kwenye mabango ya sinema. Kule kwenye bango lilieleza kazi ya mtu. Huku kwetu limekuwa mtu mwenyewe. Lina mwenzake, adui, ambaye hahitaji kuelezwa. Kwa maneno hayo mawili, watoto wa mitaani wameunda nadharia ya utanzu ambayo mimi hufundisha kwa muhula mzima nikitaja majina ya Wazungu.

Lakini jibu la kijana yule lilinitia aibu kidogo, na sina budi kueleza kwa nini.

Mnamo 2010 hivi, mmoja wa wanafunzi wangu wa fasihi aliniletea ofisini mswada wa filamu. Ulikuwa kama kurasa 90, umechapwa vizuri na kutiwa jalada la plastiki. Kijana wa mashambani anaingia Nairobi kutafuta riziki, anaibiwa siku ya kwanza, anapokelewa na genge, anapanda ngazi ya uhalifu, kisha ngazi inateleza. Niliusoma usiku mmoja. Nilipomrudishia nilikuwa nimeandika sentensi moja tu kwenye jalada: "Unatabirika tangu ukurasa wa tatu." Alisema, "Asante, mwalimu," akaondoka. Hakuniletea maandishi mengine.

Mwaka 2012 ikatoka Nairobi Half Life, iliyoelekezwa na David 'Tosh' Gitonga. Kijana wa mashambani anaingia Nairobi, anaibiwa siku ya kwanza, anapokelewa na genge. Wakenya walijaa kumbini, na filamu hiyo ikawa ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kuwania tuzo ya Oscar kwenye kitengo cha lugha za kigeni. Msomaji asije akadhani namshuku mtu kwa wizi. Hadithi ile haikuwa mali ya mwanafunzi wangu, wala si mali ya walioitengeneza filamu. Ni mali ya utanzu. Filamu za majambazi zimekuwa zikiisimulia tangu miaka ya 1930, na wasomaji wa riwaya waliijua kabla ya hapo. Nami, mwalimu wa tanzu, nilimwadhibu mtu kwa kufuata utanzu.

Hebu tukubaliane kwanza kuhusu istilahi. Utanzu ni kundi la kazi za sanaa zinazofanana kiasi kwamba aliyeiona moja anaweza kukisia nyingine zitakavyokuwa. Kaida ni mazoea yanayomwezesha kukisia: mandhari, mavazi, aina za wahusika, namna tukio moja linavyozaa jingine, muziki, hata lugha na lafudhi. Kaida si sheria. Hakuna anayepelekwa mahakamani kwa kuivunja. Ni makubaliano baina ya msanii na hadhira ambayo hayakuandikwa popote, kama yale ya foleni ya matatu, lakini akitokea mtu wa kuyakiuka kila mmoja hugutuka.

Sisi wa Kiswahili hatufai kuliona jambo hili geni. Fanani akiita "Paukwa!" hadhira huitikia "Pakawa!" kabla hata hajataja hadithi ni ya nani. Sungura akiingia, mtoto wa miaka mitano anajua kuna mtu atalaghaiwa. Fisi akiingia, anajua kuna tumbo litakalomponza mwenyewe. Sijawahi kumsikia mtoto akilalamika kwamba Fisi alikuwa mlafi hata jana. Anachongojea ni kuona safari hii ulafi utamponza vipi.

Mambo ni hayo hayo katika ushairi. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, akayaweka wazi masharti ya vina na mizani yaliyokuwa yakijulikana kwa masikio. Miaka 20 baadaye, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani ya mashairi huru, na malumbano yakawaka. Wengi huyakumbuka malumbano hayo kama vita baina ya wakongwe na vijana. Mimi nayakumbuka kwa jambo jingine. Kezilahabi asingemshtua yeyote kama wasomaji wake hawangekuwa na mizani masikioni. Wanamtindo huliita jambo hili ukiushi, na ukiushi hauwezekani mahali pasipo na kaida.

Turudi kwenye basi. Kijana alisema steringi hafi, na alisema kweli, ila kwa sababu tayari alikuwa ametambua ile ni filamu ya mapigano. Ingekuwa filamu ya utanzu mwingine, angekuwa amemdanganya nyanya wa watu.

Katika filamu za majambazi, kwa mfano, steringi hana budi kufa. The Public Enemy ya 1931 inamwisha James Cagney mlangoni kwa mama yake, maiti iliyofungwa kama mzigo. Katika Scarface ya 1932, Tony Camonte anamiminiwa risasi na polisi chini ya bango la matangazo linaloahidi kwamba dunia ni yake. Mtazamaji anafurahia kumwona maskini akipanda ngazi kwa kila njia aliyokatazwa, huku akijua bei italipwa mwishoni. Kuanguka ndiko kunakomruhusu kufurahia kupanda. Ukikiondoa kifo hicho, unabaki na tangazo la kuajiri majambazi.

Sasa tazama kilichofanywa na Nairobi Half Life. Mwas, steringi wake, tunakutana naye kijijini akiuza filamu za mapigano na kuwaigizia wateja vipande vyake ili wanunue. Yaani ni mtu aliyelelewa na kaida hizi. Anaingia kwenye genge na wakati huohuo anapata nafasi ya kuigiza katika mchezo wa jukwaani. Mwishoni wenzake wanamalizwa, lakini yeye ananusurika na kufika jukwaani. Kaida ilidai maiti, na maiti zimo, lakini steringi ameponea kwenye tundu la sindano kwa kuwa alikuwa na utanzu mwingine wa kukimbilia. Asiyejua kwamba jambazi wa filamu hufa atauona mwisho huo kuwa wa kawaida. Anayejua, moyo humdunda.

Filamu za koboi nazo zina kanuni yake: steringi hafi, lakini habaki. Utanzu huu ni mkongwe karibu sawa na sinema yenyewe. Mwaka 1903 Edwin S. Porter alitengeneza The Great Train Robbery, filamu ya takriban dakika 12 ambayo tayari ina wizi wa garimoshi, ukimbizano wa farasi na majibizano ya risasi. Sehemu kubwa ilipigwa New Jersey, mbali kabisa na jangwa la Magharibi. Hivyo tangu siku ya kwanza mandhari ya koboi yalikuwa mandhari ya kubuni. John Ford alipopeleka kamera yake Monument Valley kutengeneza Stagecoach ya 1939, iliyomfanya John Wayne kuwa nyota, majabali mekundu ya bonde lile yakaingia vichwani mwa watu duniani kote. Ford alirudi pale mara nyingi, hadi watu wakaamini kwamba Magharibi yote ya Marekani inafanana hivyo.

Mengine msomaji anayajua. Mji wenye barabara moja. Baa yenye milango ya kubembea. Mgeni asiye na historia anayeingia juu ya farasi. Kabaila mwenye ng'ombe wengi na watu wa bunduki. Watu wawili wakikabiliana barabarani huku madirisha yakifungwa. Tukiyaorodhesha hivi, kama tufanyavyo darasani, yanaonekana kama mapambo tu. Lakini kila moja lina kazi. Mji uko ukingoni mwa jangwa kwa sababu hadithi inahusu mahali ambapo sheria imefika lakini bado haijakaa kitako. Mgeni hana historia kwa sababu wenyeji wote wana mashamba, wake na madeni ya kupoteza. Asiye na kitu pekee ndiye anaweza kusimama. Naye lazima aondoke mwishoni kwa sababu amani aliyoileta ameileta kwa bunduki, na mji wa amani hauna pa kumweka mtu wa bunduki.

Ukishaelewa kazi hizo, utaona jinsi High Noon ya 1952 ilivyo kali. Mwelekezi Fred Zinnemann anamchukua shujaa asiye mgeni, mkuu wa polisi anayejulikana na kila mtu, na kumzungusha mlango hadi mlango akiomba msaada dhidi ya majambazi wanaongojewa saa sita. Saa za ukutani zinaonyeshwa tena na tena, na muda wa hadithi unakaribiana na muda wa filamu yenyewe. Kila mlango una udhuru. Anapigana takriban peke yake, anashinda, kisha anaitupa beji yake mavumbini na kuondoka. Ameondoka kama kaida inavyotaka, ila safari hii mji haukukosa pa kumweka; ni yeye aliyekosa sababu ya kuutaka. (Kwa wale wanaoshikilia kwamba koboi mwema huvaa kofia nyeupe na mbaya huvaa nyeusi: kofia ya Gary Cooper katika filamu hii ni nyeusi. Kaida nyingi tunazozitaja kwa uhakika zaidi ndizo tulizozichunguza kidogo zaidi.)

Kaida husafiri, na hazihitaji pasipoti. Seven Samurai ya Akira Kurosawa, ya 1954, iligeuzwa kuwa The Magnificent Seven huko Marekani mwaka 1960. Yojimbo yake ya 1961 ikageuzwa na Mwitaliano Sergio Leone kuwa A Fistful of Dollars mwaka 1964, ikapigwa Uhispania huku Mmarekani Clint Eastwood akiwa steringi. Upande wa Kurosawa ulidai haki yake ukalipwa, na ilistahili. Hadithi ya Mjapani, kwa mkono wa Mwitaliano, katika jangwa la Kihispania, na bado mtazamaji wa Nakuru aliiita koboi bila kusitasita.

Kisha ikaja Sholay, mwaka 1975. Kwa Wakenya wa rika langu, sinema ya Kihindi ilikuwa chakula cha wikendi, na sidhani kuna sahani iliyozidi hii. Afisa wa polisi mstaafu, Thakur, anawakodi wahalifu wawili wadogo, Jai na Veeru, wamkamate Gabbar Singh, jambazi aliyemkata mikono yote miwili. Kuna garimoshi, kuna farasi, kuna majabali na kijiji kinachonyanyaswa. Koboi mtupu! Lakini mwelekezi Ramesh Sippy na waandishi wake Salim na Javed wakaifinyanga humo sinema ya Kihindi nzima: nyimbo, sherehe ya Holi, mjane aliyevaa nyeupe, shangazi mkali anayeposwa mpwa wake, na urafiki unaopita udugu.

Wimbo katikati ya filamu ndio kaida inayowachokoza wengi wasiozoea utanzu huo. "Mbona wanaimba na adui yuko nyuma yao?" Swali hilo ni sawa na kumuuliza mshairi kwa nini anasema kwa mizani. Wimbo hausimamishi hadithi; unasema yale ambayo heshima za jamii ile hazimruhusu mhusika kuyasema kwa maneno. Wapenzi wasioweza kushikana mikono mbele ya wazazi wanaweza kuimbiana mlimani kwa dakika sita.

Na steringi wa Sholay hufa? Anakufa mmoja. Jai, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, alikuwa na sarafu ya kuamulia mambo magumu, na kila ikirushwa ilionyesha upande ule ule. Anapokufa, Veeru anaichukua na kugundua kwamba pande zote mbili zinafanana. Rafiki yake hakuwa akicheza bahati. Alikuwa amekwisha kuamua kubaki na kufa. Utanzu uliotupa steringi wawili ulikuwa unatuandaa kumpoteza mmoja, na bado watu wazima hulia.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kaida huzaliwa na wasanii na watazamaji pekee. Si kweli. Kaida nyingi za miisho ziliandikwa na serikali. Katika Sholay kama ilivyokusudiwa, Thakur anamuua Gabbar kwa miguu yake. Wadhibiti wa India, wakati ule wa hali ya hatari, hawakutaka afisa wa zamani ajichukulie sheria, na mwisho ukabadilishwa: polisi wanafika, Gabbar anatiwa mbaroni. Scarface nayo iliongezewa kijina kidogo cha kulaani aibu ya taifa, na ukatengenezwa mwisho mwingine ambamo jambazi anashtakiwa na kunyongwa. Kuanzia 1934 studio za Hollywood zilifuata kwa ukali kanuni zilizosema uhalifu usionekane kulipa. Basi tunaposema "filamu za zamani zilikuwa na maadili", tukumbuke kwamba maadili mengine yalikuwa na mhuri wa ofisi.

Hata sisi tunayo yetu. Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya 2018, ilipigwa marufuku humu nchini, kisha mahakama ikairuhusu kuonyeshwa kwa siku saba mwezi Septemba mwaka huo. Kiutanzu ni filamu ya mapenzi kamili: vijana wawili, na baba zao ni wapinzani wa kisiasa, kama zilivyo koo zenye uhasama katika Romeo na Juliet. Tofauti ni kwamba wapenzi wote wawili ni wasichana. Mwelekezi alieleza kwamba alitakiwa aubadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini kupita kiasi, akakataa. Msomaji anaweza kuwa na msimamo wake kuhusu mada; mimi hapa nataka aone ubishi ulikuwa kuhusu nini. Katika filamu ya mapenzi, mwisho wa matumaini ndio kaida yenyewe. Kilichobishaniwa ni nani anaruhusiwa kunufaika nayo.

Filamu za kutisha ndizo zinazonivutia zaidi kinadharia, ingawa kwangu nyumbani huzitazama nikiwa nimewasha taa. Huko hakuna steringi hadi mwisho. Atakayebaki hai ndiye tunagundua kwamba alikuwa steringi. Mhakiki Carol J. Clover alilipa jambo hilo jina mwaka 1987 alipozungumzia msichana wa mwisho: yule mwangalifu, anayesikia mlio ambao wenzake wanaupuuza, na anayebaki kumkabili muuaji peke yake, kama katika Halloween ya John Carpenter ya 1978. Hofu katika utanzu huu hutokana na kujua, wala si kutojua. Binti anashuka ngazi kwenda chini gizani. Sote tunajua. Ukumbi mzima unapiga kelele, "Usiende! We, usiende!" Anaenda. Kama tusingejua, tungekuwa tunatazama mtu anayeshuka ngazi.

Alfred Hitchcock aliligeuza hilo mwaka 1960 katika Psycho. Alimchukua Janet Leigh, nyota aliyejulikana, akatufanya tumfuate kwa karibu nusu ya filamu, kisha akamuua bafuni. Aliwataka wenye kumbi wasimruhusu yeyote kuingia baada ya filamu kuanza, kwani mchelewaji angekaa akimngoja Janet Leigh hadi taa ziwashwe. George Romero naye, katika Night of the Living Dead ya 1968, alimwokoa steringi wake mweusi usiku kucha kutoka kwa wafu wanaotembea, asubuhi akapigwa risasi na wazungu waliokuja kuokoa watu. Kufikia Scream ya 1996 kaida zilikuwa zimejulikana kiasi kwamba mhusika mmoja anawasomea wenzake masharti ya kuponea filamu ya kutisha. Wanayasikia, na bado wanauawa. Siku hizi simu ya mkononi imewaletea waandishi wa utanzu huu taabu mpya: lazima mtu aseme mapema kwamba "hapa mtandao hakuna", na sisi tunaosikia tunajua tayari nani hatarudi nyumbani.

Kuhusu kareti, nitasema kidogo tu, kwa kuwa wataalamu wake ni vijana wenyewe. Mwalimu anauawa, mwanafunzi anateseka mazoezini, analipiza. Maadui ishirini wanamzunguka na kumjia mmoja mmoja, wakipanga foleni kwa adabu isiyoonekana katika vituo vyetu vya basi. Watu hucheka jambo hilo. Lakini pigano ni densi, na densi ya watu ishirini kwa mpigo haionekani.

Vichekesho vyatuhusu zaidi sisi wa lugha, kwa sababu kaida yake kubwa humu nchini ni lafudhi. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, kipindi cha KBC kilicholea vizazi, alizungumza Kiswahili cha Mjaluo kwa miongo mingi. Mwigizaji wake, marehemu Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Dholuo haina sauti ya "sh", na Wanjau aliijenga "sida" yake kwa uangalifu wa mwanafonetiki. Katika utanzu huu steringi hafi wala hashindi. Anaaibika, kisha juma lijalo anarudi kuaibika tena. Lafudhi ilitueleza papo hapo kwamba huyu ndiye atakayeaibika, na kwamba tunaruhusiwa kumpenda. Mashaka yangu ni kwa walioirithi mbinu hii. Bawabu wa kila kipindi anatoka jamii ileile, mwenye duka vilevile, na hakuna kinachoendelea baada ya lafudhi kusikika. Wanjau alianzia kwenye lafudhi akajenga mtu. Hawa huanzia hapo na kuishia hapo, na hapo ndipo kaida inapokuwa uchakavu.

Anayejua tofauti hiyo kuliko wahakiki wengi ni msimulizi wa vibandani. Uganda wanao maveejay wao, Tanzania walikuwa na Lufufu, na Kenya tuna DJ Afro, ambaye huisimulia filamu ya Kichina au ya Kihindi kwa Kiswahili chenye Sheng'. Msimulizi wa namna hii hafasiri neno kwa neno. Humtambulisha steringi mapema, humtukana adui kwa niaba yetu, na mazungumzo yakimshinda huweka ya kwake kulingana na utanzu. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu kaida imemtangulia kufika, na hadhira inamfuata kwa sababu nayo inaijua njia.

Ndiposa Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, ilinigusa nilivyoguswa. Jo ni mtoto mwenye maradhi yasiyo na tiba ambaye anapenda filamu za mapigano na mashujaa. Dada yake anakishawishi kijiji kizima kimfanye aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Baadaye wote wanashiriki kutengeneza filamu ambayo yeye ndiye steringi. Ndani ya filamu yao kaida inatimia. Nje yake, Jo anakufa. Hakuna aliyedanganywa: tulijua tangu mwanzo, na Jo alijua kuliko sisi.

Kabla ya kuandika makala haya nilimpigia simu yule mwanafunzi wangu. Sasa ni mtu mzima, ana watoto, anafanya kazi ya bima. Nilimwambia nilichopaswa kumwambia wakati ule: kwamba mswada wake ulikuwa na mifupa sahihi ya utanzu wake, na kazi yangu ilikuwa kumwonyesha ni wapi pa kutia nyama, wala si kumlaumu kwa mifupa. Nikamuuliza kama bado anao.

Alicheka. "Mwalimu, ile kompyuta niliuza kitambo." Akanyamaza kidogo. "Lakini kuna kitu nimekuwa nikitaka kukuuliza. Ukurasa wa tatu kulikuwa na nini?"

Sikukumbuka.